Kubaki Mombasa au kwenda Kakuma: uamuzi wa nyumba nzima

Haya ni maneno tuliyoyatoa mbele ya kamati za amani na familia zenye ndugu katika ukimbizi, katika mkutano uliofanyika kando ya Ziwa Tanganyika. Tunayachapisha hapa kwa sababu wengi waliohudhuria waliomba kuyapata kwa maandishi.

Wengi kati yenu mna mtoto, ndugu au shemeji aliye Mombasa, kule pwani ya Kenya. Aliondoka hapa kwa sababu ya vita, akavuka ziwa mpaka Kigoma, pengine akakaa miaka kadhaa katika kambi ya Nyarugusu, kisha akaendelea mpaka Dar es Salaam na mwishowe Mombasa. Sasa anapiga simu na kuuliza: "Maisha ya mjini yametushinda. Tubaki hapa, ama twende kambini Kakuma?" Nanyi mnakuja kwetu kutuuliza mumjibu nini.

Tunasema tangu mwanzo kwamba hatukuja na jibu la ndiyo au hapana. Wakati mmoja tulitoa jibu la namna hiyo, na likaleta madhara. Tuanzie hapo.

Kosa letu

Mwaka 2022, baba mmoja wa kutoka wilaya ya Fizi alitupigia simu kutoka Mombasa. Alikuwa na mke na watoto wanne. Yeye ni fundi cherehani, na mke wake alikuwa akitembeza vitenge nyumba kwa nyumba huko Kisauni. Kazi ya ushonaji ilikuwa imepungua, kodi ya miezi miwili ilikuwa haijalipwa, na mwenye nyumba alikuwa ametishia kufunga mlango kwa kufuli. Baba akatuuliza afanye nini. Nasi tukamjibu siku ile ile, kwa simu ya dakika chache: nendeni Kakuma, huko kuna chakula cha msaada, shule na matibabu.

Tulisema kwa moyo mwema. Lakini hatukuuliza kama mama alikuwa na habari ya simu ile. Hatukuuliza kuhusu binti yao mkubwa, ambaye alikuwa darasa la nane na alikuwa amebakiza miezi michache afanye mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Baba alirudi nyumbani akasema: "Shirika limesema twende." Neno hilo likafunga mazungumzo yote.

Mama alikuwa na sababu zake za kungoja. Alikuwa katika kikundi cha akiba cha wanawake, na zamu yake ya kupokea ilikuwa imebaki majuma matatu. Tena alikuwa amekopesha vitenge kwa wateja ambao hawakuwa wamemaliza kulipa. Alisema: "Tungoje kidogo, nichukue jasho langu." Hakusikilizwa. Wakapanda basi.

Baada ya miezi mitano mama alirudi Mombasa na watoto wawili wadogo, bila kibali cha kusafiri. Baba alibaki Kakuma na wakubwa wawili. Na jambo hili halikuishia Kenya. Lilifika hapa kwetu. Ukoo wa mume ulisema mke amekimbia nyumba, ukadai mahari. Ukoo wa mke ulisema binti yao alipelekwa jangwani kama mzigo. Watu waliokuwa wakisaidiana kuvuta nyavu wakaacha kusalimiana. Kesi ilipoletwa mbele ya kamati ya amani, ndipo sisi tulipojua kwamba maneno yetu ya dakika chache yalikuwa mwanzo wa ugomvi huo. Tulisimama mbele ya baraza tukaomba msamaha kwa pande zote mbili. Tangu siku hiyo tuliamua kujifunza kwanza, na kusema baadaye.

Mji wa pwani na mji wa jangwani

Mwaka 2023 tulipata nafasi ya kufika Mombasa, kisha Kakuma, ili tuone kwa macho yetu. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1000, kwanza mpaka Nairobi, halafu Kitale, Lodwar na Kakuma.

Mombasa ina mambo yake mema. Lugha ni Kiswahili, ingawa wenyeji hucheka wanaposikia Kiswahili chetu. Kuna bandari, soko, hoteli, na watu wengi wanaohitaji kushonewa nguo na kunyolewa nywele. Ndugu zetu huishi Kisauni, Likoni, Changamwe na mitaa mingine, kila mmoja kwa nguvu zake. Lakini mkimbizi wa mjini hapewi chakula. Akiugua, anatafuta fedha. Akisimamishwa na askari bila karatasi, anaweza kulala kituoni. Wengi walituambia kwamba hofu ya askari inawachosha kuliko njaa.

Kakuma iko Turkana, kaskazini magharibi ya Kenya, na ni nchi ya jangwa. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana waliokuwa wamekimbia vita vya Sudan. Mwaka 2016 makao mengine yalifunguliwa jirani, yanaitwa Kalobeyei. Leo sehemu hizo mbili zina karibu watu 300,000. Wengi wao ni wa Sudan Kusini, na Wakongo ni miongoni mwa makundi makubwa yanayofuata.

Mtu aliyezoea bahari, au ziwa kama letu, anapofika Kakuma hushangazwa kwanza na joto na vumbi. Upepo huleta mchanga mpaka ndani ya sufuria. Maji huchotwa bombani kwa saa maalumu, na akina mama hupanga madumu yao mapema. Mto Tarach unaopita pale ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini mvua ikinyesha hujaa ghafula na kubeba vitu. Nyumba ni za matofali ya udongo na mabati. Mama mmoja wa kwetu alituambia: "Hapa nimejifunza kwamba kivuli ni mali."

Lakini tusiseme kwamba Kakuma ni mahali pa kufa tu. Kuna shule nyingi, ingawa madarasa yamejaa sana. Kuna hospitali. Kuna soko kubwa: utafiti uliotolewa mwaka 2018 na tawi la Benki ya Dunia linaloshughulikia biashara ulihesabu zaidi ya biashara 2000 kambini. Tuliona Wakongo wakishona, wakioka mikate, wakiuza samaki waliokaushwa. Tena ukiwa Kakuma umeandikwa, una karatasi, na askari hakuulizi kwa nini upo.

Kwa hiyo mahali pote pawili pana uzuri wake na uchungu wake. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kazi ni kupima mahali tu.

Mambo manne ya kujua kabla ya kuamua

La kwanza, mlango wa Kakuma haufunguki sawa kwa kuingia na kutoka. Kuingia ni rahisi kuliko kutoka. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, bado inaweka maeneo maalumu ya kukaa wakimbizi, na mtu anayetaka kutoka huomba kibali. Mama yule aliyerudi Mombasa bila kibali aliishi kwa kujificha zaidi kuliko kabla ya kuondoka. Anayesema "tukishindwa tutarudi" lazima ajue jambo hilo.

La pili, ruhusa ya kukaa mjini nayo inaweza kutikiswa. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na kambi za wakimbizi kutoka Somalia karibu na Mombasa na Malindi, kama vile Utange na Marafa. Kambi hizo za pwani zilifungwa kabla ya miaka hiyo kwisha, na watu wengi wakapelekwa Kakuma. Miongoni mwa waliokimbilia pwani walikuwamo watu wa Barawa, ambao lugha yao ya nyumbani ni namna ya Kiswahili, na ambao ni watu wa bahari tangu mababu. Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wa mijini wahamie kambini. Julai 2013 Mahakama Kuu ikalifuta agizo hilo. Machi 2014 likatolewa agizo lingine. Hatusemi haya kwa kuwatisha. Tunasema kwa sababu familia iliyokwisha kuzungumza mapema haitawanyiki hovyo siku agizo linapotoka.

La tatu, chakula cha msaada si ahadi ya milele. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilikata posho. Machi ya mwaka huo watu wa Kakuma waliandamana. Kuanzia Agosti 2025 familia ziligawanywa katika makundi: nyingine zikapata zaidi, nyingine kidogo, na nyingine hazikupata kitu. Tulipomwambia yule baba "huko kuna chakula", tulisema kama kwamba chakula ni mto usiokauka.

La nne, Wakongo wana njia nyingine ambayo wengi hawaijui. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu Septemba 2023 Kenya haidai viza kwa Mkongo mwenye pasipoti. Ile sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi kutoka nchi ya Jumuiya kuacha hali ya ukimbizi kwa hiari ili apate haki za raia wa Jumuiya. Jambo hili ni zito. Anayeacha ukimbizi anaacha pia ulinzi wake, na mtu anayetafutwa nyumbani asilifanye bila kumwona mwanasheria. Lakini ni vema familia ijue kwamba njia si mbili tu.

Uvumi unaovunja nyumba

Tulipouliza kwa nini watu wanahamia Kakuma, wengi walijibu: "Wanasema ukiwa kule unakwenda Marekani haraka." Wanasema! Nani anasema? Hakuna aliyeweza kutuambia.

Ni kweli kwamba wako Wakongo waliopelekwa ng'ambo kutoka Kakuma. Wako pia waliokaa pale zaidi ya miaka kumi bila kuitwa. Tena Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeuza vitu vyao na kungoja ndege zikabaki zimekaa juu ya masanduku. Mume aliyemwambia mke "tuvumilie mwaka mmoja tu" alikosa la kumwambia tena. Ndipo lawama zinapoanza, na baada ya lawama, mapigo. Sisi tunaofanya kazi ya amani tunajua kwamba uvumi ndio ulioanzisha mapigano mengi katika vijiji vyetu. Uvumi huo huo ukiingia katika nyumba moja, unafanya kazi ile ile.

Majirani wapya, majeraha ya zamani

Kuna jambo lingine ambalo ndugu zetu hawalisemi katika simu. Mombasa mtu anaweza kuchagua mtaa wa kukaa. Kambini unaonyeshwa mahali pa kujenga, na jirani yako anaweza kuwa mtu wa jamii iliyopigana na jamii yako huko Fizi, Uvira au Itombwe. Mtazamana kila asubuhi bombani. Tulikuta vijana waliozaliwa kambini, ambao hawajapata kuona milima yetu, lakini wanarithishwa chuki kwa hadithi za jioni. Tulikuta pia majirani wa jamii hizo waliochimba kaburi pamoja mtoto wa mmoja wao alipofariki.

Na kuna wenyeji, yaani Waturkana. Ni wafugaji wa mbuzi na ngamia, na ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliwamalizia mifugo mingi. Wao huuza kuni na makaa kwa wakimbizi. Mkimbizi akienda kukata kuni porini, mwenyeji anaona riziki yake inachukuliwa. Ugomvi wa mzigo mmoja wa kuni unaweza kuwa ugomvi wa watu mia. Kwa hiyo anayekwenda Kakuma aende akijua kwamba anaingia katika nchi ya watu wenye njaa yao, nao wana haki ya kuheshimiwa. Mama mmoja alituonyesha njia yake: kila juma hununua kuni kwa mwanamke yule yule wa Kiturkana, na siku asipokuwa na fedha hukopeshwa. Urafiki huo ulimsaidia kuliko mlinzi.

Namna ya kuamua pamoja

Baada ya kosa letu tuliketi na wazee na akina mama wa kamati, tukapanga njia ambayo sasa tunaifuata. Si sheria. Ni desturi yetu ya baraza, ila tumeipeleka kwenye simu.

Kwanza, hatumjibu mtu mmoja. Tunaomba simu iwekwe sauti kubwa na wote wawepo: baba, mama, bibi kama yupo, na watoto wanaojitambua.

Pili, tunaanza na wale watakaobeba mzigo mkubwa wa siku. Nani atapanga foleni ya maji? Nani atakatiza masomo? Nani atapoteza wateja? Hao waseme kwanza, na baba aseme mwisho. Baba wengine walikasirika, lakini wengi walituambia baadaye kwamba walisikia mambo ambayo hawakuwahi kuyasikia katika nyumba zao wenyewe.

Tatu, kila habari iulizwe imetoka wapi. Tunawaelekeza katika ofisi ya serikali inayoshughulikia wakimbizi, au UNHCR, na kwa mtu wanayemfahamu anayeishi Kakuma sasa, si aliyeishi miaka kumi iliyopita.

Nne, wapange siku mbaya. Posho ikikatwa tutakula nini? Mmoja akitaka kurudi tutafanyaje? Maneno hayo yasemwe kabla ya kununua tikiti.

Tano, wasiamue siku ile ile. Tunaomba majuma mawili, hata kama mwenye nyumba anabisha mlango. Mara nyingi kikundi cha kanisa, cha msikiti au cha akiba kimeweza kulipa mwezi mmoja ili familia ipate kufikiri.

Familia ya pili

Mwanzoni mwa 2024 familia nyingine ilitupigia kutoka Likoni. Hawakuwa na karatasi yoyote. Kijana wao alikuwa amekamatwa mara mbili, na mara zote mama aliuza mtaji wake ili amtoe. Tulifuata njia hiyo kwa simu tatu. Kijana alisema anataka Kakuma, kwa sababu amechoka kukimbia. Bibi alisema hataki kufa mahali pasipo na maji. Mama alisema atakwenda, lakini kwa sharti kwamba mtaji wa vitenge usiguswe hata watoto wakilala bila mboga. Sisi wenyewe, tukiulizwa moyoni, tulitaka wabaki. Tulinyamaza.

Wakaamua kwenda, pamoja na bibi. Walimwahidi kwamba hatachota maji hata siku moja, na wajukuu wameshika ahadi hiyo. Maisha yao si mepesi. Posho ilipokatwa mwaka 2025, waliwekwa katika kundi linalopata kidogo, na ni meza ya vitenge ya mama iliyowalisha. Mwezi uliopita tuliongea nao. Bibi bado analalamika juu ya joto, na kijana bado hana kazi ya kudumu. Lakini hakuna anayemwambia mwenzake "wewe ndiwe uliyenileta huku". Na hapa kijijini koo zao mbili bado zinakula pamoja.

Hatusemi kwamba Kakuma ilikuwa jibu sahihi. Pengine wangebaki Likoni wangekuwa na nafuu. Tunalosema ni kwamba nyumba ya kwanza na nyumba ya pili zilikwenda mahali pamoja, katika vumbi lile lile, na moja ikavunjika na nyingine ikasimama. Tofauti ilikuwa katika majuma mawili ya kusikilizana kabla ya safari.

Ndugu wapendwa, simu ikilia kesho na mtoto wako akiuliza "tubaki ama twende?", usifanye haraka kuonyesha hekima. Mwulize kwanza: "Mke wako anasemaje? Mtoto wako anasemaje?" Kama hajui, mwambie awaulize, kisha apige tena.

Amani iwe katika nyumba zenu, hapa na huko waliko wenzetu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika nyumba yako, uamuzi mkubwa wa mwisho ulifanywa na nani? Nani hakuulizwa?

2. Mmewahi kumshauri ndugu wa mbali kwa haraka? Matokeo yalikuwa nini hapa kijijini?

3. Ni uvumi gani kuhusu kambi au nchi za ng'ambo unaosikika katika mtaa wenu sasa? Mnaweza kuuliza ukweli wake wapi?

4. Kamati yenu inaweza kufanya nini ili ugomvi wa familia iliyo ukimbizini usiwe ugomvi wa koo mbili?